Nakala Ipi ni Safi? Hotuba kwa Wasimamizi wa Vyama vya Akiba na Mikopo, Kisumu

Mheshimiwa mwenyekiti, wakurugenzi wa vyama, mameneja, wahasibu, makarani, na nyinyi mliodamka alfajiri kutoka Bungoma, Kakamega, Siaya, Homa Bay na Kericho ili mfike Kisumu kwa wakati: oyawore, mulembe, chamgei.

Barua ya mwaliko iliniomba nieleze jinsi blokicheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, inavyoweza kutumika katika kuhifadhi nakala rudufu za data, ili chama kikivamiwa na programu za kikombozi, zile zinazofunga mafaili mpaka ulipe, kiweze kusimama tena. Nitajibu bila kuzunguka mbuyu. Blokicheni haitazuia uvamizi. Data zenu pia haitazihifadhi. Kazi inayoiweza ni moja: siku ambayo hamna hakika na chochote, itawaonyesha ni nakala ipi kati ya zile mlizo nazo haijaguswa tangu ilipowekwa. Kwa mtu ambaye hajapitia siku kama hiyo, jambo hilo huenda likaonekana dogo. Mimi huitwa maji yakishamwagika, na nimeona vyama vikikwama hapo hapo, mikononi vikiwa na nakala tatu za daftari la mikopo na hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba hii ndiyo ya kweli.

Tuanze na mhalifu mwenyewe. Mwaka 1989 diski laini zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watafiti wa UKIMWI na watu wengine katika nchi mbalimbali. Aliyeiingiza diski hiyo kwenye kompyuta alikuta baadaye majina ya mafaili yake yamevurugwa, na kwenye skrini anatakiwa atume dola 189 kwenye sanduku la posta huko Panama. Huo ulikuwa mwanzo, kazi ya mtu mmoja. Leo ni biashara yenye mgawanyo wa kazi. Yuko anayeandika programu, yuko anayeuza nywila zilizoibwa, yuko anayeingia, na yuko anayejadiliana nawe bei kwa lugha ya upole kabisa.

Akishapenya, iwe kwa baruapepe yenye ankara ya uongo au kupitia huduma ya kuendesha kompyuta kutoka mbali ambayo fundi aliiacha wazi, hana haraka. Hukaa siku kadhaa, wakati mwingine wiki kadhaa. Anazunguka kwenye mtandao wenu wa ndani akitafuta vitu viwili: nywila ya msimamizi wa mfumo, na mahali nakala rudufu zilipo. Nakala ndizo anazozimaliza kwanza, kwa sababu anajua vyema kwamba mwenye nakala nzuri halipi. Kisha anabeba data zenu nje, na ndipo anafunga mafaili. Kundi lililojiita Maze ndilo lililoueneza mtindo huu mwishoni mwa 2019: ukikataa kulipia ufunguo, utalipia wasimwage siri za wanachama wako mtandaoni.

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Mwezi wa Aprili 2023 Naivas, duka kuu lililozaliwa hapo Rongai, kaunti ya Nakuru, lilitangaza hadharani kwamba limevamiwa na programu ya kikombozi. Mwezi wa Juni 2024 zamu ilikuwa ya Huduma ya Kitaifa ya Maabara za Afya ya Afrika Kusini. Shirika hilo ndilo linalopima damu na makohozi ya hospitali za umma za nchi nzima, likiwa na maabara zaidi ya 260. Wavamizi walifuta sehemu za mfumo, zikiwemo zile za seva ya nakala rudufu. Mashine za kupima ziliendelea kufanya kazi, lakini majibu hayakuweza kumfikia daktari kwa njia ya kawaida. Yale ya dharura yalisomwa kwa simu. Fikirieni muuguzi aliyeshika simu anaandika kwa mkono kiwango cha sukari cha mgonjwa aliye mahututi, huku majibu mengine maelfu yakisubiri. Nakala rudufu walikuwa nazo. Shida ni kwamba zilikuwa mahali ambapo mvamizi angeweza kufika.

Kuna kisa kingine ambacho nakipenda, kwa sababu Afrika ndiyo iliyookoa. Tarehe 27 Juni 2017 programu iliyopewa jina la NotPetya ilianza kusambaa kutoka Ukraine, ikipitia programu ya kihasibu iliyotumiwa na kampuni nyingi za huko. Ilijifanya ya kikombozi, ikaonyesha hata kiasi cha kulipa, lakini ilikuwa imeundwa kuharibu tu. Hata ungelipa, hakuna ufunguo ungeupata. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake tunayaona Mombasa kila siku, ilipigwa kila pembe ya dunia. Seva zinazosimamia nani anaruhusiwa kuingia kwenye mfumo zilikuwa takriban 150. Kila moja ilikuwa imewekwa iwe nakala ya nyingine, kwa hiyo mafundi waliamini hata zikianguka kadhaa, nyingine zitazirejesha. Hakuna aliyefikiria kwamba zote zingefutwa kwa mpigo mmoja.

Zilifutwa zote isipokuwa moja, na hiyo ilikuwa Ghana. Kabla ya uvamizi, stima ilikuwa imepotea kwenye ofisi hiyo, seva ikazimika, na wakati nyingine zote duniani zinafutwa, hiyo ilikuwa nje ya mtandao. Intaneti ya pale ilikuwa ya polepole mno kuweza kutuma data zote hizo Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja wao apande ndege mpaka Nigeria, akutane na mwenzake uwanjani, amkabidhi diski, na yule mwingine aendelee nayo hadi London. Kutokana na diski hiyo kampuni ilijijenga upya; mwenyekiti wake alisema baadaye kwamba katika siku kumi waliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Naomba makarani wa seva mlishike hilo. Kampuni yenye fedha kuliko bajeti za kaunti zetu nyingi iliokolewa na nakala iliyokuwa haijaunganishwa na kitu chochote, na haikuwa kwa kupanga. Sisi tunaweza kupanga. Nakala moja iwe imechomolewa, imezimwa, imefungiwa kabatini, na kabati lenyewe liwe jengo jingine. Mwenye ofisi Ahero asiweke nakala yake ya pili kwa jirani wa Ahero, maana Mto Nyando ukifurika unazichukua zote mbili. Na wa Budalang'i anajua Mto Nzoia unavyofanya. Na tafadhali, ile folda inayojisawazisha yenyewe kwenye wingu msiiite nakala rudufu. Faili likisimbwa ofisini, yaani likifungwa lisisomeke bila ufunguo, huduma hiyo inalipeleka juu likiwa limesimbwa vile vile, kwa uaminifu mkubwa. Kama huduma yenu haitunzi matoleo ya zamani, mmebaki na uharibifu katika sehemu mbili.

Sasa nije kwenye lile lililonileta.

Niliwahi kuitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo upande huu wetu wa magharibi. Jumatatu asubuhi karani alifungua daftari la mikopo, likakataa. Kila faili lilikuwa limeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina lake, na katika kila folda kulikuwa na waraka wa Kiingereza wenye maelekezo ya kulipa. Diski ya nje ya bakapu ilikuwa bado imechomekwa nyuma ya seva, taa yake inawaka. Nayo ilikuwa imesimbwa. Watu wakaanza kulia pale ukumbini, kwa sababu ilikuwa wiki ya karo na wazazi walikuwa wameshapanga foleni nje.

Baada ya kutafuta, zilipatikana nakala nyingine. Moja ilikuwa kwenye flashi ya mhasibu, ya pili ilikuwa na mkaguzi wa hesabu aliyepita miezi ya nyuma, na ya tatu ilikuwa kwenye kompyuta kuukuu ya meneja. Tulishukuru Mungu. Halafu tukaanza kuzilinganisha, na shukrani ikaisha. Katika nakala moja, mkopo fulani ulikuwa umeshalipwa wote. Katika nyingine, mkopo ule ule ulikuwa haujalipwa hata senti, na tarehe za mafaili hayo mawili zilikuwa zinakaribiana sana. Ipi ya kweli? Mvamizi alikuwa ndani kwa muda gani? Alibadilisha kitu? Au kuna mtu wa humu humu ofisini aliyeona vurugu, akaona nafasi, akaufuta mkopo wake kwenye flashi kabla ya kuileta mezani? Tarehe ya faili haisaidii, maana mtu yeyote anaweza kuibadilisha. Tukarudi kwenye vitabu vya wanachama na jumbe za M-Pesa, mmoja mmoja. Kuna mama mmoja aliyekuja na kitabu chake kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni ili kisilowe, kila risiti imebandikwa ukurasa wake. Yeye alihudumiwa siku hiyo hiyo. Waliotupa risiti zao walisubiri sana, na wapo waliokosana na chama moja kwa moja.

Wakurugenzi, hilo ndilo tatizo ambalo wauza mitambo hawalitaji. Uvamizi unapotokea, hamkosi nakala tu. Mnakosa pia msingi wa kuaminiana. Na mtu mwenye nia mbaya ndani ya chama hana wakati mzuri kuliko huo.

Dawa yake ilianza kutafutwa kabla ya Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoifanya blokicheni ijulikane. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Stuart Haber na W. Scott Stornetta, waliandika kuhusu namna ya kuthibitisha kwamba hati ya kidijitali ilikuwepo tarehe fulani na haijaguswa baadaye. Walitumia hesabu inayoitwa heshi. Unaipa faili lolote, dogo au kubwa, nayo inakurudishia mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi. Faili lile lile litatoa mfuatano ule ule daima. Badilisha herufi moja, shilingi moja, nukta moja, mfuatano unageuka wote.

Tazameni kwenye ukuta. Hapa nimeandika herufi tatu ndogo, abc, bila nafasi wala mstari mpya. Kwa heshi ya aina ya SHA-256 inatoka alama yenye herufi na tarakimu 64, inayoanza na ba7816bf. Sasa naziandika zile zile kwa herufi kubwa, ABC. Inaanza na b5d4045c, na ukiisoma mpaka mwisho haina uhusiano wowote na ya kwanza. Jaribuni nyumbani, mtapata majibu hayo hayo, kwa sababu hesabu hii ni moja duniani kote. Kompyuta yoyote ya Windows ina amri ya certutil inayopiga heshi ya faili, na hamhitaji kununua chochote. Kutoka kwenye faili unapata alama. Kutoka kwenye alama hakuna njia ya kurudi kwenye faili, wala hakuna aliyewahi kutunga mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-256.

Lakini alama hiyo utaiweka wapi? Ukiiweka kwenye seva, mvamizi atakayebadilisha nakala atabadilisha na alama. Haber na Stornetta walipata jibu linalonifurahisha mpaka leo: waiweke mahali ambapo watu wengi mno wana nakala kiasi kwamba hakuna wa kuzibadilisha zote. Kuanzia 1995 kampuni yao ilichapisha alama ya muhtasari kila wiki katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Mtu angetaka kughushi hati ya wiki ile angelazimika kwanza kukusanya magazeti yote kutoka nyumba na maktaba zote. Waraka wa Bitcoin ulipotolewa tarehe 31 Oktoba 2008, kati ya maandiko manane uliyoyarejelea, matatu yalikuwa ya watu hawa wawili.

Blokicheni ni wazo hilo hilo likiwa limeondolewa gazetini. Kina mama wa chama cha kuzungushiana wanalijua tangu zamani: katibu ana kitabu, lakini kila mwanachama naye anaandika kwake, na hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wote kabla ya mkutano kufungwa. Katibu akigeuza ukurasa mmoja nyumbani kwake, vitabu vya wenzake vitamsuta. Kwenye blokicheni vitabu hivyo viko kwenye kompyuta maelfu, na kila ukurasa mpya unabeba alama ya ukurasa uliotangulia. Ukigusa wa katikati, zote zinazofuata zinakataa kulingana.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni mwepesi. Kila jioni mfumo unatoa nakala, nakala inasimbwa kwa ufunguo wa chama, inapigwa heshi, nakala yenyewe inakwenda kwenye maghala yenu ya kawaida, na alama peke yake ndiyo inayokwenda kwenye blokicheni. Ipo huduma ya wazi iitwayo OpenTimestamps, iliyotangazwa 2016, inayofanya kazi hiyo bure. Inakusanya alama za watu wengi, inazipanga kwa mti wa heshi, unaounganisha alama mbili mbili mpaka ibaki moja, ule uliobuniwa na Ralph Merkle mwaka 1979, na kilele cha mti huo ndicho kinachoandikwa kwenye mnyororo wa Bitcoin, yaani blokicheni yake. Wewe unabaki na faili dogo la uthibitisho. Litunzeni pamoja na kila nakala. Estonia walipitia njia inayofanana. Baada ya mitandao ya serikali yao kushambuliwa mwaka 2007 walijenga mfumo wa aina hii kulinda sajili zao, na data za raia zenyewe haziwekwi humo.

Siku ya maafa, basi, hamtabishana. Mtachukua kila nakala mliyonayo, mtaipiga heshi, mtalinganisha na iliyoandikwa. Isiyolingana imeguswa, iwekeni kando kwa ajili ya wachunguzi. Zinazolingana mtazipanga kwa tarehe, mrudi nyuma mpaka kabla ya dalili ya kwanza ya mvamizi, na mrejeshe kuanzia hapo. Muamala uliofanyika baada ya tarehe hiyo ndio mtakaoutafuta kwenye risiti. Kazi ya wiki nyingi itakuwa ya siku chache, na yule aliyetaka kufuta mkopo wake kwenye flashi hatapata mwanya.

Nimesema uzuri wake, sasa nipeni sikio kwa mengine, kwa sababu nimeona mabango huko mjini yanayoahidi kuweka data za chama ndani ya blokicheni. Msikubali. Bloku moja ya Bitcoin hubeba megabaiti chache kwa takriban dakika kumi, ikigawanywa kwa dunia nzima. Daftari lenu haliingii humo, na kama lingeingia msingemudu gharama. Kuna mitandao ya kuhifadhia mafaili iliyojengwa juu ya blokicheni, kama Filecoin iliyofunguliwa Oktoba 2020, ambapo mafaili hukaa kwa watoa huduma na mnyororo unathibitisha tu kwamba bado wanayo. Inaweza kuwa nakala yenu mojawapo, ikiwa imesimbwa vizuri. Isiwe nakala pekee.

Jingine ni sheria. Kilichoandikwa kwenye blokicheni hakifutiki, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwanachama haki ya kuomba taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani. Jina la mwanachama, nambari ya simu, salio lake, visiguse mnyororo kamwe. Wala msidanganywe kwamba heshi ya nambari ya kitambulisho ni siri. Nambari za vitambulisho vya wengi wetu zina tarakimu saba au nane. Nambari zote za urefu huo hazifiki milioni 100, na kompyuta ya kawaida itazijaribu zote kwa dakika chache mpaka ipate inayotoa alama hiyo. Pigeni heshi ya nakala nzima iliyokwisha kusimbwa. Hapo hakuna cha kukisia.

Kuna tahadhari ya tatu, na hii naiona ndiyo nzito. Mnyororo unathibitisha kwamba faili halijaguswa. Hauthibitishi kwamba lilikuwa zima. Ukipeleka nakala ambayo tayari imeharibiwa, utapewa ushahidi usiopingika kwamba una nakala iliyoharibika. Mwaka 2017, tarehe 31 Januari, fundi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya kampuni. Walikuwa na njia tano za bakapu. Walipozifikia, wakagundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo, na data za saa sita zilipotea kabisa. Nawapongeza kwa jambo moja: walieleza wazi mbele ya dunia nzima, ndiyo maana leo tunajifunza kwao. Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa mnaichukulia kwa imani tu. Rejesheni kila robo ya mwaka, kwenye kompyuta tupu, na matokeo yaandikwe katika kumbukumbu za bodi.

Vipi kuhusu vyama kuungana na kujenga mnyororo wenu wenyewe? Nimeulizwa hilo na watu wa Vihiga na wa Migori, na nalipenda wazo. Vyama saba au kumi, kila kimoja na kompyuta yake ndogo, kila jioni kila chama kinawapelekea wenzake alama yake. Lakini likiwa la kweli, kila kompyuta iwe na fundi wake na nywila yake. Nimeona mpango ambao nodi zote, yaani kompyuta zinazobeba mnyororo, zilikuwa chini ya kijana mmoja mwenye nywila moja. Hiyo ni seva moja tu yenye majina mengi. Atakayemwibia nywila kijana huyo atauandika upya mnyororo wote. Na kama chama chenu ni kidogo, hamna fundi na intaneti ni ya kubahatisha, fanyeni hivi: kila Ijumaa chapisheni alama ya nakala ya wiki, mweka hazina na katibu watie sahihi, ibandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu, na mpige picha mtumie vyama viwili jirani. Si ya kisasa, lakini ni wazo lile lile la gazeti la 1995, na itasimama mbele ya mkaguzi.

Ufunguo nao una mambo yake. Nakala iliyosimbwa ambayo ufunguo wake umepotea haina tofauti na iliyosimbwa na mwizi. Ufunguo usikae kwa meneja peke yake, maana meneja huhama, huugua, hufariki. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha jinsi ya kugawa siri vipande kadhaa, kiasi kwamba idadi fulani ya vipande inatosha kuifungua na pungufu ya hapo haitoi chochote. Nyinyi mmezoea hundi yenye sahihi mbili kati ya tatu. Wekeni hivyo hivyo: mwenyekiti kipande, mweka hazina kipande, katibu kipande, wowote wawili wakikutana ufunguo unapatikana. Programu za kufanya hivyo zipo na ni za bure.

Kuhusu kulipa. Sitamhukumu mtu aliyewalipa wavamizi huku wagonjwa wake wakiwa wodini. Ila jueni mnachonunua. Mwezi wa Mei 2021 Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani, ililipa Bitcoin 75, wakati huo zikiwa takriban dola milioni 4.4. Kifunguzi walichopewa, yaani programu ya kufungulia mafaili, kilikuwa cha polepole mno, hata wakaendelea kutumia nakala zao wenyewe. Mlango alioingilia mwizi ulikuwa nywila moja iliyovuja, kwenye akaunti isiyokuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Kabla ya kufikiria kulipa, tembeleeni tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Kuna vifunguzi vya bure kwa baadhi ya programu za zamani. Na saa inahesabika: data za watu zikifikiwa na wasiostahili na kuna hatari ya kweli ya madhara kwao, sheria inawapa saa 72 tangu mlipogundua kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wapo wanaonyamaza wakitumaini wanachama hawatajua. Mwizi aliyebeba data zenu ndiye atakayewaambia, na atachagua siku.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na mpango wa mchana. Baada ya chakula, kwenye meza za upande wa jukwaa kutakuwa na kompyuta tupu zisizo na intaneti. Kila chama kilete ile diski mliyoambiwa mje nayo. Tutapiga heshi, tutarejesha daftari la majaribio, na tutaandika imechukua muda gani tangu diski kuchomekwa mpaka salio la mwanachama mmoja kuonekana kwenye skrini. Muda huo mtauchukua mkauwasilishe kwenye bodi zenu. Wakurugenzi, msiwaachie mafundi kazi hii na kwenda zenu. Zoezi la kugawa ufunguo linawahitaji watu watatu kutoka kila chama, na kila mmoja atie sahihi kwa mkono wake. Sasa nakaribisha maswali, tuanze na nyinyi wa nyuma.